Ombi la Kurudishiwa Mtandao Mbovu

Kasongo, Alhamisi, tarehe 5 mwezi wa sita

Kutoka kwa: Ruphin Mulonda Kisubi, mkuu wa ofisi ya Kasongo
Kwa: Mama Emilienne, Mratibu wa shirika, Kindu
Nakala kwa: Abedi, mlinzi wa ofisi ya Kasongo (kwa taarifa, na kwa kuwa ndiye mwenye ngazi)
Kuhusu: kuondolewa kwa mtandao mzuri

Mama Mratibu,

Pokea kwanza salamu za ofisi nzima ya Kasongo, watu watano na pikipiki mbili, sote wazima isipokuwa pikipiki moja. Naandika barua hii nikiwa nimekula, nimepumzika na nimevaa shati safi, ili asije mtu akasema Ruphin aliandika kwa hasira. Hasira ninayo. Nimeiweka kando kwa muda wa barua hii, na nitairudia nikishaweka sahihi.

Naanza na shukrani. Miezi mitatu iliyopita ulitutumia antena nyeupe ya mtandao. Ilitoka Kindu kwa pikipiki, imefungwa mgongoni mwa dereva kwa kitenge, na kwa maelezo yake mwenyewe, njiani wanawake wawili walimuuliza mtoto ana miezi mingapi. Tuliipokea kwa makofi. Abedi alipanda juu ya bati akaifunga kwa waya. Tangu siku ile mtandao wa Kasongo haukatiki. Picha ni safi, sauti ni safi, watu wa makao makuu tunawaona hadi vipele vya kidevuni. Mvua inanyesha, haukatiki. Radi inapiga, haukatiki. Hayo ndiyo malalamiko yangu, Mama, na naomba kwa heshima kubwa uje uuchukue.

Usiitupe barua bado. Kazi yetu unaijua: njia na madaraja madogo kati ya Kasongo na Kabambare. Na unajua kwamba kila Ijumaa saa tisa alasiri tunazungumza na makao makuu ya huko Ulaya kwa Kiingereza, kupitia kompyuta, na anayetuuliza maswali ni Bibi Solveig. Kiingereza tunakijua, naomba hilo liandikwe mahali. Mimi mwenyewe nina daftari jekundu lenye maneno elfu mbili na mia nane, na yote yamo kichwani. Hakuna anachosema Bibi Solveig ambacho sikielewi. Kukijua Kiingereza hakujawahi kutusumbua. Kinachotusumbua ni kukisema huku mtu anasikia.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Antena imevunja utaratibu wa kazi uliodumu miaka minne.

Labda hukuwahi kuelezwa utaratibu huo, maana haukuandikwa popote. Mtandao wa zamani tuliupata kwa kuweka simu dirishani, juu ya kopo la maziwa ya unga. Ulikuwa unakatika wenyewe, na siku ambazo haukukatika tuliusaidia. Bibi Solveig akianza swali linaloelekea kwa mtu fulani, mtu huyo alikohoa mara mbili, na Abedi, aliyekuwa amekaa nje karibu na jenereta, aliizima. Lakini Ijumaa saa tisa mara nyingi Abedi huwa ameenda kusali, kwa hiyo tulikuwa na njia ya pili, nayo ni kuganda. Mwenye kuulizwa alibaki mdomo wazi, mkono hewani, macho hayapepesi, na sisi wengine tuliganda pamoja naye, mpaka tusikie huko wakiambiana kwamba Kasongo imepotea. Chimène, anayeshughulikia kamati za vijiji, ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Aliweza kuganda dakika nzima bila kumeza mate.

Baada ya hapo maswali yalikuja kwa maandishi, na kwa maandishi tuliyajibu: watu wanne, kamusi mbili, asubuhi nzima. Barua zetu zilisifiwa. Wewe mwenyewe ulitusomea ujumbe uliosema kwamba Kiingereza cha Kasongo ni cha kuigwa na ofisi nyingine. Kwa mtandao mbovu, Mama, sisi tulikuwa wasomi.

Ijumaa ya kwanza ya antena, Chimène aliulizwa ana kamati ngapi. Akaganda kwa mazoea. Sisi nasi tukaganda, isipokuwa Gédéon, fundi wetu wa pikipiki, aliyekuwa nyuma yake anakunywa chai na hakuona sababu ya kuacha. Pazia likapepea. Kuku wa Abedi akaingia, akazunguka meza, akatazama kompyuta, akatoka. Chimène mdomo wazi. Bibi Solveig akauliza kwa upole kama dada yule ni mgonjwa, na kama Kasongo kuna daktari wa karibu. Chimène hakuweza kujibu kwa kuwa alikuwa ameganda. Mpaka leo anapokea ujumbe wa pole kutoka Ulaya, na kila ujumbe unamtaka ajibu kwa Kiingereza.

2. Kujiamini kuligawanywa bila haki.

Ulipopata habari za Chimène, badala ya kuondoa antena, ulituletea mwalimu wa kujiamini, siku mbili, pamoja na chakula cha mchana. Kwa chakula nashukuru. Mwalimu alitufundisha kwamba kila asubuhi mtu ajitazame kwenye kioo na ajiambie kwa Kiingereza kwamba anaweza. Ofisi yetu haina kioo. Ilibidi tufungue kile cha pembeni cha pikipiki na kukitundika kwenye msumari, tukawa tunapokezana. Jean-Paul, karani wetu, ni mrefu kama unavyomjua. Yeye alijiona kuanzia mdomo kwenda chini, na mpaka leo sehemu hiyo ndiyo tu anayoiamini.

Hayo madogo. Kubwa ni kwamba mwalimu aligawa kujiamini bila kuangalia Kiingereza cha mtu. Gédéon ana maneno arobaini ya Kiingereza. Nimeyahesabu, na matatu kati yake ni majina ya vipuri. Lakini alitoka kwenye semina hana hofu hata ya dawa. Ijumaa iliyofuata alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kabla ya mtu yeyote, mikono ina mafuta ya injini, akaanza kusalimia. Unazijua salamu zetu, Mama. Hatugusi kazi kabla ya kujua mtu ameamkaje, watoto wameamkaje, wazazi, shamba, na kwao mvua ikoje. Gédéon alizitafsiri zote. Makao makuu walikuwepo watu saba, na alimsalimia kila mmoja na ukoo wake. Bwana mmoja akajibu kwamba mama yake amefariki zamani. Gédéon akarudi nyuma, akampa pole upya, akamuuliza aliugua nini. Yule bwana akaeleza. Akaeleza kwa kirefu, akatoa leso. Saa ya mkutano ikaisha hivyo, hakuna lililojadiliwa, na jioni ukaja ujumbe kwamba hawajawahi kuwa na mkutano mzuri kama ule.

Mimi na maneno yangu elfu mbili na mia nane nilikuwa nimeketi pale pembeni, nimenyamaza. Nilipomlaumu Gédéon alinijibu hivi: "Papa Ruphin, weye uko na maneno mingi sana, ndiyo maana inakwama. Miye niko nayo kidogo, inapita." Alisema hivyo huku anafuta mikono kwa tambara, bila kujua kwamba anazungumza na mkuu wake wa kazi.

Kwa hiyo naomba theluthi moja ya kujiamini kwa Gédéon ikatwe kila mwezi, mimi nipewe nusu na Chimène apewe nusu. Yeye hatapungukiwa.

3. Antena imeniletea wasikilizaji.

Sauti ikiwa mbovu, mtu huvaa vifaa vya masikioni. Sauti ikiwa nzuri, huwashwa spika. Tangu spika iwashwe, Mama Binti, anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara, amehamishia meza na karai lake chini ya dirisha letu. Anasema wateja wake wanapenda kusubiri huku wanasikiliza Ulaya. Mama Binti hajui Kiingereza, lakini anajua nani anakisema na nani hakisemi, na hilo halihitaji kamusi. Wiki tatu zilizopita aliingiza kichwa dirishani, watu wanne wako nyuma yake na maandazi mkononi, akaniambia: "Papa Ruphin, sauti ya Gédéon tumeisikia, ya Jean-Paul tumeisikia, ya kwako bado. Ama wewe uko mukubwa wa kunyamaza?"

Jumapili yake, baada ya misa, watu wawili walinipa pole ya koo. Mmoja alinipa tangawizi.

4. Hapa naomba ukae chini, Mama, maana ndipo penyewe.

Daraja la kabla ya kufika Lusangi unalijua. Naliita daraja kwa heshima tu, maana ni magogo mawili. Wakati wa kiangazi pikipiki inapita, abiria akiwa ameshuka na anaomba Mungu. Wakati wa mvua haipiti kitu. Mwezi wa tatu, Safi, mke wa mwalimu wa Lusangi, alishikwa na uchungu maji yakiwa yamefunika magogo. Wanaume wanne walimvusha wakiwa wamembeba juu ya kiti, maji kifuani. Mtoto hakungoja kituo cha afya, akazaliwa mchangani mara tu walipovuka, na wamemwita Ng'ambo. Yeye na mama yake wako wazima, lakini mwalimu bado hajalala vizuri, na mimi niliyekwenda kupima kina cha maji wiki ile, nikaona kile kiti kimekaa ukingoni, nami sijalala vizuri.

Mbao, saruji na vyuma vya daraja hilo viko ghalani kwako Kindu. Watu wa Lusangi wamefanya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, Jumamosi saba, kila nyumba imebeba mawe na mchanga, yamerundikwa pande zote mbili. Kilichobaki ni kiangazi hiki, ambacho kimeshaanza.

Ijumaa iliyopita Bibi Solveig aliuliza swali. Aliliuliza taratibu, akitazama karatasi yake, na mimi nililielewa lote, ningeweza kukuandikia pamoja na alama zake. Aliuliza: kuna jimbo lingine ambako daraja limeanguka, je, vifaa vya Lusangi vinaweza kwenda huko kwanza, na watu wa Lusangi wangoje hadi kiangazi kijacho?

Gédéon alikuwa Kabambare anatengeneza pikipiki. Chimène alikuwa anatazama viatu vyake. Jean-Paul alinisukumia kompyuta. Chini ya dirisha karai likanyamaza, maana Mama Binti alikuwa ameinua kijiko ili asikie vizuri. Na jibu nilikuwa nalo, Mama. Nilikuwa na jibu refu lenye utangulizi. Nilikuwa na magogo, na kiti, na maji kifuani, na Jumamosi saba za mawe. Yote yalikuwa yamepanga mstari kooni kwa Kiingereza safi, na nikawa naangalia neno gani litangulie, na kitenzi chake kiwe cha wakati gani, na Bibi Solveig ananitazama, na nyuma yangu mtu anatafuna andazi.

Nikasema: "Yes. Thank you."

Akasema asante. Akaandika. Jumatatu ikaja barua: "Kama ilivyokubaliwa na ofisi ya Kasongo." Vifaa vinapakiwa Kindu Jumamosi hii.

Utaniuliza kwa nini sikusahihisha kwa maandishi. Nilisahihisha! Niliandika kurasa mbili, nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja, kwamba kwa vile siku hizi mtandao wa Kasongo ni mzuri, tutalizungumza Ijumaa kwa mdomo. Ijumaa ni kesho. Na wewe huwezi kulizuia lori, kwa kuwa neno la mwisho la vifaa ni la makao makuu, na makao makuu wana neno langu.

Sasa pima mwenyewe kwa haki. Kwa mtandao wa zamani, ile "yes" ingetoka mdomoni mwangu, ingefika kwenye kopo la maziwa, na ingefia pale. Bibi Solveig angesema Kasongo imepotea, swali lingekuja kwa maandishi, na sasa hivi mafundi wangekuwa Lusangi wanapima mbao. Kwa antena hii, ile "yes" ilivuka misitu na bahari ikaingia Ulaya haijapungua hata herufi. Kwa hiyo aliyetoa daraja la Lusangi si mimi. Ni antena. Mimi nilitoa sauti tu.

5. Ugonjwa umehamia kwenye Kiswahili.

Jumanne alikuja Ismaël, mwenyekiti wa kamati ya barabara ya Lusangi, kwa pikipiki, tope hadi magotini, na kikapu cha karanga za kunishukuru. Habari ya vifaa hajaipata. Aliniambia: "Papa Ruphin, mawe iko tayari, muchanga iko tayari, hata watoto walibeba. Tunangojea mbao tu. Mutakuja siku gani?"

Kiswahili ni changu tangu nizaliwe. Ismaël namfahamu miaka tisa. Hakukuwa na kompyuta, hakukuwa na spika, hata Mama Binti alikuwa ameenda kununua unga. Nikafungua mdomo, nikamwambia: "Ndiyo. Asante."

Nikapokea karanga. Akaondoka anaimba. Nimeona haya, Mama, nasema waziwazi, haya ambayo sijawahi kuiona tangu niajiriwe. Karanga sijazigusa. Ziko juu ya kabati na ninazipita nimegeuza uso.

Kwa sababu hizo zote, naomba ofisi yako ichague moja kati ya haya, kwa mpangilio huu:

(a) Antena irudishwe Kindu leo hii kwa pikipiki ileile. Kitenge chake tumekifua.

(b) Kama haiwezekani, igeuzwe itazame Nyangwe. Huko kuna wavuvi na mitumbwi yao, watu waungwana wasiomuuliza mtu kitu kwa Kiingereza siku ya Ijumaa.

(c) Kama nalo ni gumu, litolewe agizo kwamba jibu lolote la Kasongo lisilofika maneno manne lihesabiwe kuwa kikohozi.

(d) Au Bibi Solveig aletwe hapa wiki mbili. Ijumaa saa tisa akae kwenye kiti changu, Ismaël amuulize kwa Kiswahili maswali kuhusu daraja la kwao Ulaya, dirisha likiwa wazi. Sisi hatutamcheka. Kwa Mama Binti siwezi kutoa dhamana.

(e) Na ikiwa hakuna hata moja linalowezekana, basi nishushwe cheo niwe mlinzi, na Abedi awe mkuu wa ofisi kuanzia kesho saa tisa kasoro robo. Nimelifikiria hili kwa siku mbili na sioni kasoro yake. Mimi ninajua maneno elfu mbili na mia nane, na nimepoteza daraja kwa matatu. Abedi hajui hata moja. Hakuna namna yoyote atakavyoweza kusema "yes". Daraja likiwa mikononi mwake litakuwa salama, na mimi jenereta naiweza.

Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa mtandao huuhuu ninaoulalamikia, kwa kuwa pikipiki ingechukua siku nne na mimi sina siku nne. Naomba hilo lisichukuliwe kama ushahidi dhidi yangu.

Nisalimie mhasibu na familia yake, dereva wa lori (umwambie asiwe na haraka Jumamosi), mlinzi wa ghala, mama wa jikoni na yule mtoto wake aliyekuwa na surua, na wote wanaoniulizia hapo Kindu. Chimène anasalimu bila kuganda. Jean-Paul anasalimu. Gédéon atakusalimia mwenyewe siku mkionana, tenga saa nzima.

Ni mimi niliye chini yako kikazi, na kwa sasa chini ya kila mtu kwa namna nyingine zote,

Ruphin Mulonda Kisubi
Mkuu wa ofisi, Kasongo
(sahihi na muhuri)

Nyongeza. Mama, nilikuwa ndiyo kwanza nimeupiga muhuri, hata wino haujakauka, kompyuta ikalia. Nikadhani ni wewe. Alikuwa Bibi Solveig. Akasema kwamba kesho kwao ni sikukuu, kwa hiyo amesogeza mkutano ufanyike leo, na kwamba ujumbe alituma asubuhi, na mimi asubuhi nilikuwa naandika barua ya malalamiko. Ofisini nilikuwa peke yangu. Chimène na Jean-Paul walikuwa sokoni wanatafuta karatasi, Gédéon yuko chini ya pikipiki uani, Abedi anasali. Daftari jekundu liko nyumbani. Alinisalimia kidogo, akatazama karatasi yake, akauliza: basi, kuhusu vifaa vya Lusangi, tunaendelea kama tulivyokubaliana?

Nikasema: "No."

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, halina utangulizi wala heshima, na baada yake sikuwa na kingine. Bibi Solveig ameganda, mdomo wazi kidogo, macho chini. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, mtandao umekatika. Nikaenda dirishani kuangalia: taa za antena zote zinawaka. Nikarudi. Ndipo nikaona mikono yake inasogea. Alikuwa anapekua karatasi.

Alipoinua uso alikuwa mwekundu. Akaniambia, taratibu na kwa maneno yasiyokaa sawa, kwamba Kiingereza hata kwake ni cha shuleni. Kwamba kila wiki, kabla ya kuzungumza nasi, huandika maswali yake kwenye karatasi, na pembeni ya kila swali huandika jibu tutakalotoa, ili asikwame. Kwamba kwa miaka minne pembeni ya jina la Kasongo ameandika "yes" tu. Karatasi ya "No" hakuwa nayo. Aliomba nimngoje, nikamngoja. Tukakaa hivyo dakika nzima tukitazamana, watu wazima wawili, kila mmoja anatafuta neno lake.

Kisha nikamweleza. Vitenzi sikuviangalia. Nilimwambia magogo mawili, kiti, maji hapa, nikaonyesha kifua. Nilimwambia mawe, Jumamosi saba, watoto wanabeba. Nilipokwama yeye alingoja, nikaendelea. Aliandika yote. Akaniuliza mtoto anaitwaje, nikamwambia. Akasema lori litapakiwa Jumamosi kama ilivyopangwa, ila litageuzwa lielekee kwetu, na utapata barua yake kabla ya jioni. Tafadhali msomee dereva mara mbili.

Mama Binti alikuwa dirishani muda wote, kijiko mkononi. Akaniuliza: "Papa Ruphin, ule mama umemwambia kitu gani, anyamaze vile?"

Nikamwambia: "Nimemukatalia."

"Mu Kiingereza?"

"Mu Kiingereza."

Akarudi kwenye karai lake, na wateja wakapewa habari kabla ya maandazi.

Barua nakutumia hivyo hivyo, kwa sababu imeshapigwa muhuri na wino wenyewe ndio wa mwisho. Lakini antena iacheni pale ilipo. Ijumaa ya wiki ijayo ataniuliza habari za njia ya Kabambare, na mimi nina "No" nyingine mbili.